Kikundi kina muhuri, lakini mahakamani hakipo: Mambo ambayo vyama vya Kilosa na Mikumi vinapaswa kujua

Muhuri wa mpira unachongwa kwa siku moja. Katiba inachapwa stesheneri, mara nyingi kwa kubadilisha jina tu kwenye katiba ya kikundi kingine. Mwenyekiti, katibu na mhazini wanapatikana kikao cha kwanza, na picha ya pamoja inapigwa chini ya mwembe. Kwa watu wengi, hapo chama kimeshazaliwa.

Kisheria, mara nyingi bado.

Chukulia wafanyabiashara 20 wa vitunguu pale Mikumi, wale wanaosubiri mabasi na malori ya barabara kuu iendayo Iringa. Wanachangishana miaka mitatu, wananunua kiwanja cha kujenga ghala. Siku ya kuandikishana muuzaji anauliza: "Niandike jina la nani?" Wanatazamana. Mwisho linaandikwa jina la mwenyekiti, maana ndiye anayeaminika.

Miaka inapita, mwenyekiti anafariki. Watoto wake, ambao hawajawahi kukanyaga kikao hata kimoja, wanakuta karatasi ya mauziano kwenye sanduku la baba yao. Jina ni la baba. Saini ni ya baba. Kiwanja kinaingia kwenye orodha ya mali za mirathi, na wanachama 19 wanaanza kuhangaika kutafuta risiti za michango ya miaka ile.

Mfano huu ni wa kutunga. Mtego uliomo ndani yake ni wa kweli, na hauhitaji mtu mwenye roho mbaya ili unase. Watoto wale hawajaiba chochote. Wamesoma tu kilichoandikwa.

"Mtu" ambaye hana pumzi

Sheria inatambua aina mbili za watu. Wa kwanza ni binadamu. Wa pili ni chombo kilichopewa nafsi ya kisheria: kampuni, chama cha ushirika, halmashauri ya kijiji, bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Chombo cha namna hiyo kinaweza kumiliki ardhi, kusaini mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Viongozi wakifa, wakihama au wakigombana, chenyewe kinabaki.

Kikundi ambacho hakijapewa nafsi hiyo ni mkusanyiko tu wa watu. Kinaweza kuwa na wanachama 200 na akaunti nono, lakini kikitaka kumshtaki mnunuzi aliyeondoka na mzigo bila kulipa, jina lake halitasimama mahakamani.

Ipo njia ya kuzunguka. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya Kwanza Kanuni ya 8, inaruhusu watu wachache kufungua kesi kwa niaba ya wengi wenye maslahi yanayofanana. Lakini ni lazima kwanza waombe ruhusa ya mahakama, na wenzao wapewe taarifa. Kesi kadhaa nchini zimewahi kutupwa kwa sababu hiyo tu, kabla hata ya mtu kuulizwa kama deni lipo au halipo. Inauma, hasa ukishamlipa wakili.

Hapa ndipo wengi wanachanganywa na cheti cha halmashauri. Kikundi kikitambuliwa na Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, kinapata karatasi yenye nembo, na karatasi hiyo ina kazi yake. Bila hiyo huwezi kugusa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo inagawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ila kutambuliwa na halmashauri ni jambo moja, na kupewa nafsi ya kisheria ni jambo jingine. Cheti hicho hakimfanyi "Umoja" kuwa mmiliki wa kiwanja.

Mlango upi ni wenu?

Tanzania haina ofisi moja ya kusajili vyama. Kuna milango kadhaa, kila mmoja na sheria yake na wizara yake, na kosa linalogharimu zaidi ni kuingia mlango usio wenu.

Shirika linalotaka kuhudumia jamii, tuseme kusaidia watoto wenye ulemavu Kilosa mjini au kutunza vyanzo vya maji milimani, njia yake ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Usajili unaweza kuwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Msajili yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni, hivyo safari ya Dodoma si lazima kama zamani. Yanayotakiwa ni katiba, muhtasari wa kikao wenye majina na saini za waanzilishi, wasifu wa viongozi, anuani ya ofisi na ada. Ukikamilisha, shirika linapata nafsi yake.

Sasa, wafanyabiashara wa vitunguu wanaweza kuwa NGO? Hapana. Chama cha biashara kipo kwa ajili ya wanachama wake: bei nzuri, ghala, usafiri, kuwasemea mbele ya serikali. NGO inatakiwa iwe kwa manufaa ya jamii, na haigawani faida. Marekebisho ya mwaka 2019 yalikaza zaidi hapo kwa kutaja wazi kuwa vikundi vya kijamii vya ngazi ya chini, vyama vya wafanyakazi, klabu za kijamii, vyama vya siasa na taasisi za dini si NGO.

Marekebisho hayo hayo yalileta purukushani ambayo mashirika mengi bado yanaikumbuka. Mashirika yaliyokuwa yakifanya kazi za NGO huku yamesajiliwa kama kampuni, jumuiya au wadhamini yalipewa miezi miwili kuhamia kwenye sheria ya NGO. Miezi miwili, ya kuitisha mkutano mkuu, kubadili katiba na kupanga foleni. Wenye mwanasheria walivuka. Wengine walijikuta wanaambiwa karatasi waliyokuwa wanaitembezea miaka 10 si ya aina yao. Tangu wakati huo cheti cha NGO nacho kina ukomo: miaka 10, kisha kuhuisha.

Kwa wafanyabiashara, milango inayofaa zaidi ni miwili. Wa kwanza ni BRELA, kwa kusajili kampuni isiyo na hisa, ambayo wanachama wanaidhamini kwa kiasi kidogo kilichotajwa kwenye waraka wake. Baada ya 2019 aina hii imebaki hasa kwa ajili ya kukuza biashara, uwekezaji na mambo ya namna hiyo. Wa pili ni ushirika.

Kuna pia Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na RITA kwa ajili ya wadhamini. Hii ya RITA ieleweke vizuri. Jumuiya iliyosajiliwa Mambo ya Ndani haimiliki mali kwa jina lake yenyewe. Inahitaji bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA ndiyo ishike hati. Na sheria ya wadhamini imelenga vyama vya dini, elimu, fasihi, sayansi, huduma za jamii na hisani. Kikundi kinachosaka faida kitapata shida kujieleza pale.

Ndiyo maana MVIWATA, mtandao wa wakulima ulioanzia Morogoro mwaka 1993, ulisajiliwa kwanza kama jumuiya mwaka 1995, kisha ukaongeza usajili wa udhamini mwaka 2000. Hata chama kikubwa namna hiyo hakikumaliza mambo yote kwa cheti kimoja.

Somo la miwa

Anayetaka kuona jinsi mlango wa usajili unavyobadilisha maisha ya mkulima aende kusini ya Mikumi, Ruhembe na Kidodi, kwenye mashamba ya miwa.

Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilibinafsishwa mwaka 1998 kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini. Wakulima wa nje walijikusanya kwenye vyama. Upande wa Kilosa kilichojulikana zaidi ni chama cha wakulima wa miwa wa Ruembe, na ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu kikawepo cha Kilombero. Vyama hivyo havikuwa vya ushirika. Baadaye wanachama wakagawanyika, vyama vikazaa vyama, hadi vikapita kumi.

Biashara ya miwa haivumilii uzembe wa makaratasi. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari, kwa hiyo mkulima hawezi kuubeba akatafute mnunuzi mwingine Dar es Salaam kama gunia la mahindi. Mnunuzi ni mmoja. Kila kitu kinasimama kwenye mkataba: nani anaingiza miwa lini, utamu unapimwaje, nani anakata, nani anasafirisha, makato ni yapi. Na anayekaa mezani na kiwanda ni chama, si mkulima mmoja mmoja.

Hapo swali la kisheria linakuwa la ugali. Chama kikisaini mkataba mbaya, umesaini na wewe. Chama kikikopa pembejeo, makato yanatoka kwenye malipo yako. Chama chako kikigawanyika katikati ya msimu, nafasi ya kuingiza miwa inabaki na nani? Katiba isiyojibu swali hilo inawaacha wanachama wagombane huku muwa unakauka shambani.

Kisha serikali ikaelekeza wakulima waingie kwenye mfumo wa ushirika, na vyama vikageuka AMCOS chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mabadiliko hayo yalikuwa zaidi ya jina kwenye kibao. AMCOS ina nafsi ya kisheria tangu siku inaposajiliwa. Inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia Mrajis, hesabu zake zinakaguliwa, na kiwango cha deni inachoweza kuchukua kinahitaji kibali. Kiongozi hawezi kuamka tu na kukopa mamilioni.

Faida hiyo ina bei yake. Chama huru kinaweza kujiamulia mambo mengi kwenye mkutano wake. Ushirika una mkono wa Mrajis kila mahali, hata kwenye kuondoa viongozi. Wapo wanaouona mkono huo kama ulinzi na wapo wanaouona kama kitanzi, na ukweli ni kwamba inategemea viongozi wa chama chenu walikuwa wanafanya nini kabla haujafika. Cha muhimu kwa mwanachama ni kuuliza wakati wa kuhama: mali za chama cha zamani zimeenda wapi? Madeni yake nani kayabeba? Majibu yanapaswa kuwa kwenye muhtasari uliosainiwa, si kwenye kumbukumbu za katibu.

Mkaa wenye karatasi

Mfano mwingine uko vijijini, safari hii ukihusu msitu. Kuanzia mwaka 2012, mradi uliofadhiliwa na Uswisi na kuendeshwa na TFCG, MJUMITA na TaTEDO uliingia vijiji vya Kilosa kama Ulaya Mbuyuni, Ulaya Kibaoni na Ihombwe, kwa lengo la kufanya mkaa uchomwe kihalali na msitu ubaki. Eneo la kuvuna liligawanywa vitalu, na kitalu kilichovunwa kiachwe kichipue kwa mzunguko wa miaka 24.

Watu wengi wanakumbuka majiko na miche. Kazi kubwa, ile isiyopigwa picha, ilikuwa ya kisheria. Kijiji kilihitaji mpango wa matumizi ya ardhi, msitu utangazwe kuwa wa kijiji, sheria ndogo zipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri. Wachoma mkaa nao walihitaji kikundi chenye kanuni: nani anaruhusiwa kuchoma, wapi, ushuru unalipwa wapi.

Angalia mgawanyo huo. Msitu ni wa kijiji, na halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Kikundi cha wachomaji kinapata haki ya kuvuna, hakipati msitu. Kikundi kikivunjika, msitu haumfuati mwenyekiti nyumbani kwake. Kama wale wafanyabiashara wa vitunguu wangepata mtu wa kuwapangia hivyo, ghala lao lingekuwa salama.

Mitego midogo inayoua vyama

Katiba ya kunakili ndiyo ya kwanza. Inaweka akidi ya theluthi mbili kwa chama ambacho robo tatu ya wanachama wako shambani msimu mzima, hivyo hakuna mkutano halali unaofanyika kuanzia masika. Haisemi kiongozi anaondolewaje. Haisemi mali zinakwenda wapi chama kikifa. Kifungu hiki cha mwisho ndicho watu hukiruka wakidhani ni uchuro.

Pesa nayo. Michango inayotumwa kwenye namba ya simu ya mhazini ni pesa ya mhazini machoni pa mtandao wa simu. Siku laini ikipotea au mhazini akipata msiba, hakuna mtu wa huduma kwa wateja atakayekubali kuongea na "kikundi".

Kodi inawapata zaidi mashirika ya hisani. Kuwa shirika lisilo la faida hakukuondolei kodi moja kwa moja. Lazima kuomba TRA mlitambue shirika kama la hisani, na hata mkikubaliwa, ukiajiri mtu bado una wajibu wa kukata kodi ya mshahara wake. Na shirika likipata ufadhili unaozidi Sh milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Mashirika madogo yanashangilia ufadhili wiki mbili, siku 10 zikiwa zimeshapita.

Kisha lipo hili ambalo vyama vya wafanyabiashara havipendi kulisikia. Kukubaliana kwenye kikao kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayeuza chini ya bei fulani kunaweza kuangukia kwenye Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza washindani kupanga bei. Kuwa na katiba na muhuri hakuhalalishi. Chama kinaruhusiwa kutetea wanachama, kujadiliana ushuru na halmashauri, kutafuta masoko, kukodi ghala. Muhtasari wa kikao unaosema "tumekubaliana bei" ni ushahidi mliouandika wenyewe.

Nani wa kumwendea

Mlango wa karibu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kwa vikundi na NGO za ngazi ya wilaya ndiye anayejua fomu ipi inaanza. Kwa AMCOS na SACCOS ni Afisa Ushirika wa wilaya. Wote hawa hawatozi kitu kwa ushauri. Mwanasheria wa halmashauri yupo pia, lakini mteja wake ni halmashauri. Kama mgogoro wenu ni na halmashauri yenyewe, msimwombe ushauri yeye.

Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanaweza kuelimisha, kusaidia kujaza nyaraka, kuelekeza shauri liende wapi na kuzishauri pande mbili zisuluhishe. Hawaruhusiwi kukutoza wala kusimama mahakamani kama wakili. Huduma yao imelenga mtu asiye na uwezo, si taasisi yenye akaunti, lakini mwanachama mmoja mmoja anaweza kwenda.

Wakili wa kulipwa anahitajika wapi? Si kwenye kila kitu. Fomu ya kikundi mnaweza kujaza wenyewe. Lakini kabla ya kununua ardhi, kusaini mkataba wa ununuzi wa mazao wa msimu, kuchukua mkopo wa benki kwa dhamana ya mali ya chama, au kuhamisha chama kutoka sheria moja kwenda nyingine, gharama ya wakili ni ndogo kuliko hasara. Chama hakilazimiki kumwajiri mwaka mzima. Mnakubaliana kazi moja, bei moja, kwa maandishi, na mnadai risiti. Kabla ya kumlipa, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama ana leseni ya mwaka huo. Inachukua dakika mbili kwenye simu, na vishoka wa sheria wapo.

Vyama vidogo vinaweza pia kuungana. Vikundi vitano vya Mikumi vyenye tatizo moja la katiba vinaweza kumleta wakili kutoka Morogoro kwa siku moja na kugawana nauli na ada. Ni nafuu kuliko kila mmoja kupanda basi kwa siku yake.

Na wale wa vitunguu?

Hawajapotea kabisa. Mirathi ikiwa bado inasikilizwa, wanaweza kwenda kwenye mahakama hiyo kuweka pingamizi kiwanja kisihesabiwe kama mali ya marehemu. Watahitaji mihtasari ya vikao, daftari la michango, na zaidi ya yote mashahidi waliokuwepo siku ya mauziano, akiwemo muuzaji. Ikigeuka kuwa kesi ya ardhi, itaanzia kwenye usuluhishi wa baraza la kata. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inafunguka.

Mwenyekiti akiwa bado hai, kazi ni nyepesi mno. Anasaini tamko mbele ya wakili kwamba kiwanja anakishika kwa niaba ya wanachama, majina yote yakiwa yameorodheshwa, wakati usajili wa chama ukiendelea. Cheti kikitoka, hati inahamishwa. Nakala moja ya tamko hilo inabaki kwa katibu, nyingine inakabidhiwa kwa mke wa mwenyekiti.